Neno Lililosikika Vizuri, Likaeleweka Vibaya

Januari 1980, katika jimbo la Florida huko Marekani, kijana wa miaka 18 kutoka familia ya Wakuba alishikwa na maumivu makali ya kichwa, kisha akazimia. Akafikishwa hospitali hajitambui. Jamaa zake, waliojua Kiingereza kidogo tu, walisema ni intoxicado. Daktari, aliyezoea Kiingereza, akalisikia kama intoxicated, yaani aliyelewa, akaamini kwamba kijana amezidisha dawa za kulevya. Alitibiwa hivyo kwa zaidi ya siku mbili.

Kwa Wahispania na Wakuba, intoxicado ni mtu aliyedhurika kwa kitu kilichomwingia mwilini, mara nyingi chakula. Watu wakiharishwa na chakula kibovu harusini, wataitwa hivyo. Jamaa wale walidhani kijana amekula nyama mbaya. Sisi wa Mikelenge, mjini Kindu nchini Kongo, tuliosoma Kifaransa tungewaelewa upesi, maana hata hapa tunasema intoxication kwa aliyedhurika na chakula. Lakini nao jamaa walikuwa wamekosea: kijana alikuwa anavuja damu ubongoni.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba dalili za hatari zilikuwepo. Maumivu ya kichwa ya ghafla yalikuwa dalili. Kijana mwanamichezo kuzimia bila sababu ya wazi, hiyo nayo ni dalili. Na kubwa kuliko zote: watu wa lugha mbili wanazungumzia uhai wa mtu, na hakuna upande ulioomba mkalimani, kwa kuwa kila mmoja aliamini ameelewa. Laiti mtu mmoja angeuliza, "Mnaposema hivyo, mna maana gani?", daktari angeendelea kutafuta. Damu ilipogunduliwa, ubongo ulikuwa umeharibika. Kijana alipooza mikono na miguu yote. Fidia iliyokubaliwa, ya kulipwa katika maisha yake yote, ilikadiriwa kufika dola milioni 71.

Tusidhani hayo ni ya Florida tu. Hapa Kindu mgonjwa huja kutoka Pangi akisema Kilega, au Kibombo akisema Kikusu. Anaeleza kwa Kiswahili, muuguzi anaandika kwa Kifaransa. Mama akisema, "Roho inamuuma mtoto," mmoja atafikiri moyo, mwingine koo, mwingine huzuni. Mimi pia ningeweza kuitikia kwa kichwa na kuandika nilichokisikia, hasa foleni ikiwa ndefu.

Ndugu muuguzi, ukisikia neno ulijualo, uliza tena: amekula nini, lini, wapi panauma, ilianzaje? Mwambie aonyeshe kwa kidole. Na wewe mzazi au shemeji uliyemleta mgonjwa, usimpe daktari jina la ugonjwa unaoudhania. Mweleze ulichokiona kwa macho yako, na kama lugha inakushinda, omba mtu wa lugha yako aitwe kabla dawa haijatolewa.