Kabla ya Samaki, Zitazame Boriti

Mwanangu, nimesikia unataka kuweka tangi kubwa la samaki katika chumba chako cha ghorofani, huko Mji Mkongwe. Kupenda samaki ni jambo jema, wala sikusudii kukuvunja moyo. Ila kabla hujampa fundi wa vioo arubuni yake, nisikilize mimi niliyezeeka katika uashi wa nyumba hizi.

Anza na uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la urefu wa sentimita 150, upana 60 na kimo 60 linachukua lita 540. Vioo vyake vya milimita 12 vinafika kilo 100, bado mchanga, mawe na meza ya kulibebea. Jumla haipungui kilo 700, zote zimekaa mahali pasipotimia mita moja ya mraba. Nyumba mpya za kuishi, wahandisi huzipigia hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Yako haikupigiwa hesabu hiyo na mtu.

Utaniambia chumba hicho kilijaa watu siku ya harusi na hakikutikisika. Kweli, lakini wageni huenda zao. Tangi halitoki usiku wala mchana, na mti ulioelemewa bila kupumzika huzidi kupinda mwaka hadi mwaka, hata kwa mzigo ambao ungeuhimili kwa saa chache.

Sakafu yako imelala juu ya boriti za mikoko. Juu yake mawe ya matumbawe, kisha chokaa. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu mikoko mirefu haipatikani. Boriti hupita upande mfupi wa chumba, ncha zake zimezama ukutani. Basi shuka kwa jirani wa chini, mpigie hodi, mwombe kwa adabu akuoneshe dari yake. Zihesabu boriti, ujue zinaelekea wapi. Kisha tazama zaidi pale zinapoingia ukutani, maana maradhi ya boriti huanzia kwenye ncha: mvua inayovuja hupita ndani ya ukuta, unyevu unakaa, mchwa wanafuata. Choma kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, hapo pameoza. Uliza pia kama kuna aliyeongeza saruji juu ya chokaa ya zamani, kwani huo nao ni mzigo, tena unafungia unyevu ndani.

Ukiziona boriti ni nzima, liweke tangi ubavuni mwa ule ukuta unaobeba ncha za boriti, urefu wake ufuate ukuta, ili likatize boriti kadhaa. Ukilielekeza kama boriti zinavyoelekea, utazibebesha moja au mbili mzigo wote. Katikati ya chumba, hapana. Kwenye roshani, hapana kabisa. Na usijiamulie peke yako: mlete mhandisi anayezijua nyumba za mawe, na mwenye nyumba ajue. Beit al-Ajaib, jumba la 1883 la huko huko Mji Mkongwe, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafariki. Majengo haya yamechoka, yanataka kuulizwa kwanza.

Meza uisawazishe kwa pima maji, kwa sababu ikipinda, vioo vinavutana kwenye maungio. Jaza robo robo kwa siku kadhaa, kila mara ukashuke chini kutazama kama chokaa ya dari imepata ufa. Waya wa umeme uuache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, maji yadondokee sakafuni. Kama ni maji ya bahari, futa kila tone, maana chumvi ikiingia kwenye ukuta wa chokaa haitoki.

Na jirani akikataa kukuonesha dari yake, usimlaumu, ila tangi lako liweke chini kwenye ardhi. Watoto wake wanalala chini ya sakafu yako.