Deni la Chuma

Chuma ni mgeni juu ya uso wa nchi. Katika mawe na udongo hukaa kimeshikamana na oksijeni, sehemu ile ya hewa iwapayo viumbe pumzi, na ushikamano huo huwa na rangi nyekundu au ya kahawia. Mtu akikitaka chuma hana budi kukitenga na mwenzi wake huyo kwa moto mkali. Na akisha kukitenga, maji na hewa huanza siku ile ile kukidai kirudi kwao. Madai hayo ndiyo kutu. Kutu ya alumini huganda juu ya alumini ikawa ngozi ya kuilinda. Kutu ya chuma hubanduka, ikafunua chuma kingine kiliwe. Kwa hiyo kila kitu cha chuma kilicho mikononi mwa wanadamu, tangu sindano hata meli, ni kitu cha kukopwa. Deni lake hulipwa kwa kazi: kufuta, kukausha, kupaka mafuta, kupaka rangi. Kazi ikikoma, ardhi huchukua mali yake bila ya kelele.

Watu wa Ufipa, nchi ile ya uwanda wa juu iliyo baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, walilijua deni hili kwa mikono yao muda mrefu kabla ya gari la kwanza kufika Sumbawanga. Tanuru zao za kuyeyushia mawe ya chuma, ziitwazo malungu, zilijengwa kwa udongo na kimo chake kilipita kimo cha mtu. Hewa iliingia kwa matundu ya chini, ikavutwa juu na joto la moto wenyewe pasipo mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na takataka. Kikasafishwa katika tanuru ndogo yenye mivukuto, ndipo mhunzi akakifua kuwa jembe au shoka. Basi kazi ya malungu ilikuwa ni kumpokonya kutu alichokuwa nacho tangu mwanzo. Majembe ya viwandani yalipoingia kwa bei rahisi katika siku za ukoloni, kazi hiyo ilififia, na kabla ya katikati ya karne ya 20 ilikuwa imekoma kuwa riziki ya watu. Baadhi ya tanuru zilibaki zimesimama maporini na mashambani, nzima kwa umbo, baridi kwa moto.

Katika nchi hiyo hiyo swali la zamani laweza kurudi likiwa limevaa nguo mpya. Na achukuliwe mtu wa Sumbawanga aliyerithi gari dogo la mbio, lenye viti viwili, lililoundwa katika miaka ya 1960. Limekaa uani kwa masika mengi. Mvua za Ufipa huanza mnamo Novemba zikaendelea hata Aprili, na kila mwaka zimelipitia. Sakafu yake imetoboka. Sehemu za chini ya milango, ambako maji hutuama, zimekuwa kama mkate mkavu. Rangi imefura malengelenge, maana kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, nayo hujipatia nafasi hiyo kwa kuisukuma rangi juu. Injini imeganda. Mtu huyu ataka kulifufua nyumbani kwake, chini ya banda la bati, kwa mikono yake mwenyewe, baada ya saa za kazi. Majirani wauliza: la nini? Swali lao si la kubezwa. Ndani yake mna maswali mawili: kama tendo hili ni la haki, na kama ni la kweli.

Swali la haki ndilo la kwanza. Walimwengu husema kwamba la kuvunda halina ubani. Gari hilo lina njia nyingine za kumaliza maisha yake kwa heshima. Mnunuzi wa chuma chakavu angelipima kwa kilo akalipeleka likayeyushwe. Mhunzi angeliweza kuzifua springi zake zikawa visu na majembe, kama wahunzi wengi wa Afrika ya Mashariki wafanyavyo kwa springi za magari makuukuu. Hata kilimo cha Wafipa chenyewe chashuhudia kwamba si kila uozo ni hasara. Mkulima wa Ufipa hukusanya nyasi, akazifukia chini ya udongo katika vichuguu vya mviringo, akaziacha zioze. Uozo huo ukawa rutuba ya mazao ya mwaka unaofuata. Mtu aliyekua akiviona vichuguu hivyo hawezi kuambiwa kwamba kuacha kitu kiharibike ni dhambi wakati wote.

Wenye kutetea kufufua nao wana methali yao. Husema usiache mbachao kwa msala upitao. Na humcheka yule ambaye kwake kipya ni kinyemi ingawa kidonda. Lakini methali hugombana kama watu, na hapana methali iliyo hakimu wa mwenziwe. Hukumu hutafutwa katika hali ya nyumba ya mtendaji. Ikiwa karo ya mtoto imegeuka kuwa kabureta, na dawa ya mgonjwa imegeuka kuwa kopo la rangi, basi gari hilo linafufuliwa kwa kuua kitu kingine kilicho hai. Deni la watu hutangulia deni la chuma.

Hapa nako Ufipa yatoa fundisho. Wayeyushaji wa zamani waliyaacha makazi yao wakapiga kambi karibu na tanuru, na kwa muda wa kazi hiyo walijitenga na wake zao. Tanuru yenyewe ikatendewa kama bibi harusi. Msomaji wa leo aweza kuziona hizo kuwa desturi za kale tu. Lakini ziliungama jambo ambalo watu wa gereji za nyumbani hulificha: kwamba kazi ya chuma humtwaa mtu nyumbani kwake, hata kama mwili wake uko uani. Tofauti ni kwamba wale walirudi na chuma cha majembe, na nyumba zilizowakosa zikalima kwa majembe hayo. Afufuaye gari peke yake, kwa furaha yake peke yake, analo la kujiuliza: atarudi na nini?

Swali la kweli ni gumu zaidi. Ikiwa sakafu ni mpya, milango ni mipya, nyaya ni mpya na nusu ya injini imetoka katika gari jingine, je, hilo ni gari lile lile, au ni gari jipya lililovaa jina la marehemu? Wanafalsafa wa Uyunani waliuliza hivyo juu ya merikebu ya Theseus, ambayo mbao zake zilibadilishwa moja baada ya moja. Wakazi wa mwambao wa Ufipa hawana haja ya kusafiri mpaka Uyunani, kwa kuwa merikebu ya swali hilo kwa miaka mingi ilitia nanga kwao Kasanga. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ambako iliungwa tena na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani, wakikimbia, waliizamisha kwa makusudi. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini zake mafuta mazito ili maji yasizile. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lile. Katika miaka ya 1970 injini zile za mvuke, zilizookolewa na mafuta yale, ziliondolewa zikatiwa za dizeli. Imebadili jina, bendera, wenyewe na moyo wake. Hata hivyo abiria waliongozana kuipanda kizazi baada ya kizazi bila ya kushuku kwamba ni meli ile ile.

Magari ya mbio nayo yana ushahidi wao. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za Safari za Afrika ya Mashariki kwa gari dogo la Datsun 240Z. Na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Gari la mwaka 1971 lilichakaa kwa miaka mingi, na mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan walilitengeneza upya nchini Japani. Aliyeliona likitembea tena hakuona chuma kilichoshinda kutu, bali watu walioweza kusoma kazi ya watu waliowatangulia.

Hapo ndipo jibu linapoanza kuonekana. Umoja wa kitu hauko katika bati lake, kwa sababu bati ni la kukopwa. Umo katika mfululizo wa mikono iliyokijua. Fundi aliyepaka mafuta injini za meli iendayo kuzama alimwandikia barua fundi asiyemjua, na miaka minane baadaye barua ile ilisomwa. Malungu ya Ufipa ni mfano wa kinyume chake: yapo yaliyosimama na udongo wao ule ule, pasipo kubadilishwa hata tofali, nayo yamekufa, kwa kuwa mfululizo wa mikono ulikatika. Meli iliyobadilishwa iliishi. Tanuru isiyobadilishwa ilikufa. Basi aogopaye kubadilisha bati lililooza kwa ajili ya kuhifadhi ukweli wa gari anaulinda ukweli mahali usipokaa.

Lakini uhuru huo una mpaka wake, na mpaka huo huitwa uaminifu. Kila fundi bodi ajua njia mbili za kukabili tundu la kutu. Njia ya kwanza ni kukata mpaka kuonekane chuma kizima, kuchomelea bati jipya, kusugua kwa msasa, kupaka rangi ya kuzuia kutu, ndipo kupaka rangi ya urembo. Njia ya pili ni kujaza puti juu ya kutu, kulainisha, na kupiga rangi inayong’aa. Siku ya kwanza jicho haliwezi kuzitofautisha. Baada ya masika moja au mawili malengelenge hurudi, na chini yake tundu limekuwa kubwa kuliko lilivyokuwa. Puti juu ya kutu ni uongo uliopakwa rangi. Nayo si uongo kwa mnunuzi tu, bali kwa abiria ambaye miguu yake imeikanyaga sakafu ile kwa kuamini. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, lakini afichaye ufa huangukiwa na ukuta.

Kutokana na hayo mtu yule wa Sumbawanga aweza kupewa jibu, na majirani wake pia. Kazi yake ni ya haki ikiwa nyumba yake imelipwa kwanza. Ni ya kweli ikiwa hafichi kilichooza wala hasemi cha zamani kwa kitu kipya. Na itakuwa na maana ikiwa chini ya banda lile yupo kijana ashikaye taa, aulizaye kwa nini nati hii yafunguliwa kwa mafuta ya taa na subira badala ya nyundo, akajibiwa. Gari likikamilika bila ya kijana huyo, kitakuwa kimeokolewa chuma kwa miaka michache. Na likishindikana huku kijana amejifunza, bado kuna kilichookolewa, na gari lenyewe laweza kwenda kwa mhunzi pasipo aibu.

Ushindi wa mwisho haupo. Siku rangi ya mwisho inapokauka, hewa ya uwanda wa Ufipa huanza kutafuta mkwaruzo wa kwanza, nao utapatikana. Mwenye gari atakufa akidaiwa, kama walivyokufa wenye malungu. Deni la namna hiyo halilipwi likaisha. Hurithishwa, na la kuombwa ni kwamba mrithi awe amefundishwa namna ya kulipa.