Vipele vya Mtoto Mchanga na Swali la Chanzo

Vipele vinavyomtoka mtoto mchanga bila chanzo kujulikana huleta maswali mawili kwa mpigo. Moja ni la mwili: mtoto ana nini, na afanyiwe nini? Jingine ni la maana: kwa nini huyu, kwa nini sasa, na nani kasababisha? Katika nyumba nyingi za Karatu na Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania, maswali hayo huulizwa usiku uleule, mara nyingi na mtu yuleyule, na si kosa kuyauliza yote. Suala la kifalsafa ni lipi litangulie na lipi linaweza kungoja.

Ugumu wake unaonekana vizuri katika kitabu cha Evans-Pritchard cha mwaka 1937 kuhusu Wazande, watu wa Sudan Kusini na kaskazini mwa Kongo. Ghala la nafaka likiwaangukia watu waliojipumzisha kivulini mwake, Mzande anajua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Anachouliza ni kwa nini lianguke saa ileile walipokuwa wamekaa chini yake. Mchwa na uchawi havigombanii nafasi moja. Vivyo hivyo bibi wa Karatu anaweza kukubali kwamba vijidudu vimeingia kwenye ngozi ya mjukuu wake, na bado akataka kujua ni nani aliyevifungulia mlango. Kumwambia kuwa ni vijidudu tu si kumjibu.

Majibu ya swali lake hayana uhaba. Wairaqw wanamjua Looaa, mungu mwema anayehusishwa na jua, na neetlaamee, pepo wa mito na chemchemi wanaoweza kuleta maradhi. Wamaasai husimulia Enkai mweusi, mwenye rehema, na Enkai mwekundu, mwenye hasira. Waislamu wa Karatu mjini huweza kutaja jicho la husuda. Baadhi ya Wakristo hutaja dhambi za wazazi, ingawa Injili ya Yohana, sura ya 9, inaeleza jinsi wanafunzi walivyouliza swali hilohilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, kama alikosa yeye au wazazi wake, na Yesu akakataa yote mawili. Inashangaza jinsi sura hiyo inavyosomwa kanisani Jumapili na kusahauliwa Jumatatu.

Andiko lenye msaada zaidi kwa mambo ya ngozi ni Mambo ya Walawi, sura ya 13. Kuhani akiletewa mtu mwenye alama asiyoweza kuipambanua, haruhusiwi kubahatisha. Anamtenga siku 7, anamtazama tena, na ikibidi anamtenga siku 7 nyingine. Kutojua kunatambuliwa na sheria yenyewe, na kuna wajibu wake: kutazama, kungoja kwa muda uliopimwa, kutazama upya. Kwa mtoto mchanga kinachobadilika ni kipimo cha muda, kwa sababu kwake saa chache zinaweza kuwa nyingi.

Vipele vingi vya umri huo havina hatari. Karibu nusu ya watoto waliozaliwa kwa miezi kamili huota vipele vidogo vyekundu katika siku za mwanzo, na vinafifia vyenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Hata madaktari hawana maelezo kamili ya chanzo chake. Harara nayo ni ya kawaida kuliko inavyodhaniwa katika nchi ya baridi. Asubuhi za Oldeani na za ukingo wa kreta ya Ngorongoro humfanya mama amvishe mtoto sweta, kofia na blanketi, na saa sita mchana mtoto bado yumo humohumo, jasho likimtoka shingoni. Hapo tiba ni kumpunguzia nguo.

Kinachoamua haraka ya safari si wingi wa vipele. Ni hali ya mtoto mwenyewe. Anayenyonya vizuri, anayelia kwa nguvu na asiye na homa anaweza kutazamwa nyumbani na kupelekwa zahanati kwa wakati wa kawaida. Mtoto aliye chini ya miezi 2 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, aliyepoa isivyo kawaida, anayekataa ziwa, aliyelegea, anayehema kwa shida au aliyepata degedege hangojewi, awe na vipele au asiwe navyo. Malengelenge na vipele vyenye usaha navyo vinahitaji mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Madoa yakikandamizwa kwa glasi ya kioo na yasififie, huenda ni damu iliyovuja chini ya ngozi, na hiyo ni dharura. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo viganja, nyayo, ndani ya kope na kinywani ndipo pa kuangalia kwa makini.

Homa, kikohozi na macho mekundu, vikifuatwa na vipele vinavyoanzia usoni na kushuka mwilini, huashiria surua. Chanjo ya surua na rubela hutolewa Tanzania mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Aliye mdogo zaidi bado hajakingwa nayo. Mzazi anayeshuku surua awaarifu wahudumu mlangoni, kabla ya kukaa kwenye benchi pamoja na watoto wa wenzake.

Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro hesabu ni kali zaidi. Kutoka maboma ya mbali hadi hospitali ya Endulen, au kupitia lango la Loduare hadi Karatu, njia ni ndefu, na usiku ni ya wanyama. Uamuzi ambao mjini ungefanywa saa mbili usiku, huko unapaswa kufanywa jua likiwa bado juu.

Husemwa mara kwa mara kwamba imani za jadi ndizo zinazowazuia watu kwenda hospitali. Ushahidi wa eneo hili hauungi mkono kauli hiyo moja kwa moja. Mwanaanthropolojia wa Norwe, Ole Bjørn Rekdal, alionyesha katika makala ya mwaka 1999 kwamba Wairaqw wamezoea kutafuta tiba kwa waganga wa makabila mengine, Wadatoga wakiwamo, kwa kuwa nguvu ya uponyaji hudhaniwa kutoka kwa mgeni. Kwa mazoea hayo daktari hakuwa mgeni wa kukataliwa. Aliingia kwenye safu iliyokuwapo.

Madhara huja tiba moja inapodai nafasi ya nyingine. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika kijijini Samunge, wilayani Ngorongoro, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyesema dawa hiyo alioteshwa na Mungu. Wapo waliotolewa wodini ili wapelekwe huko, na wapo waliofia kwenye foleni. Imani ya wasafiri wale haikuwa na dosari zaidi kuliko ya waliobaki nyumbani. Kilichokosewa ni mpangilio.

Swali la nani kasababisha lina gharama nyingine, na kwa kawaida hulipwa na mama. Huulizwa alikula nini, alipita wapi, alimkosea nani, wakati yeye ndiye anayenyonyesha na ndiye anayejua kama mtoto amebadilika tangu jana. Mama anayehojiwa hujifunza kuficha vipele, na vikifichwa hakuna wa kuvitazama upya.

Sala, dua, baraka za wazee na uzi wa mkononi haviathiri matibabu, na mhudumu wa afya hana sababu ya kuvikemea. Mpaka upo kwenye ngozi na kinywa: majivu, samadi, chale, krimu zisizoandikwa na daktari, na mitishamba ya kumnywesha mtoto ambaye kwa miezi 6 ya kwanza anahitaji maziwa ya mama pekee, pamoja na dawa alizoandikiwa.