Je, Kitambi ni Heshima?

Apitaye Keko, wilayani Temeke, huona kando ya njia makochi, vitanda na makabati, na husikia misumeno tangu asubuhi. Kazi ya seremala ni kazi ya jasho. Lakini fundi akifanikiwa, mara nyingi huwaachia randa vijana aliowaajiri, naye hukaa kitini akingoja wateja. Miaka michache ikipita, mkanda wake hutobolewa tundu jipya. Ndipo rafiki zake humwambia kwa furaha, "Mzee, umenawiri! Sasa umekuwa bosi." Naye hucheka na kupapasa tumbo lake.

Je, sifa hiyo ni ya kweli?

Hatuwabezi wanaoitoa. Wazee wetu waliijua njaa, na kwao mwili mnene ulikuwa dalili ya neema. Tena, katika miaka ya 1980 na 1990, ukimwi ulipoenea nchini, mtu aliyekonda alitazamwa na jirani zake kama aliyekwisha kuhukumiwa kufa. Si ajabu basi kwamba tumejifunza kuufurahia unene.

Lakini mafuta ya tumboni si akiba. Mwaka 1947 Jean Vague, daktari wa Marseille huko Ufaransa, alieleza kwamba mahali mafuta yanapokaa mwilini pana maana kubwa: yakaayo sehemu ya juu na tumboni huandamana na maradhi kuliko yakaayo nyongani na mapajani. Leo twajua kwamba mafuta yanayozunguka matumbo humwaga asidi zake kwenye ini na kudhoofisha kazi ya insulini. Hivyo sukari na shinikizo la damu hupanda, na moyo huwa hatarini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kisukari kwa wanaume 5.9 katika kila mia mjini Dar es Salaam, lakini 1.7 tu kijijini Kilimanjaro. Kwa wanawake ilikuwa 5.7 na 1.1.

Je, basi tumhukumu mwenye kitambi kuwa mlafi? Hasha. Ulafi ni dhambi, lakini tumbo si shahidi wa kutosha. Dereva wa daladala hukaa kitini tangu alfajiri, na jioni chipsi ndicho chakula kilicho karibu. Mwingine amerithi umbo lake. Na mwembamba naye aweza kuwa mlafi. Amdhihakiye mnene amekosa upendo. Amsifuye amekosa ukweli. Twaona kosa hili la pili ni la hatari zaidi, kwa sababu ni tamu, na hakuna alijutiaye.

Seremala wetu ana futi mfukoni. Amepima makabati ya watu wengi, wala hajapata kupima kiuno chake. Madaktari wengi hushauri mwanamume aliyefika sentimita 94, na mwanamke aliyefika 80, aanze kujihadhari. Basi rafiki yake na amwambie faraghani, kwa heshima, "Ndugu yangu, tupimane leo, nami nianze. Kisha kila jioni tutembee pamoja hadi Chang'ombe na kurudi."

Maneno hayo hayapendezi masikioni kama "umenawiri". Lakini ampendaye mwenziwe atayasema kabla mke na watoto hawajaachwa na duka lisilo na fundi.