Vichwa vya Mayatima: Nani Hulipa Gharama ya Kujifunza?

Kila stadi hujifunzwa juu ya kitu. Mwanagenzi wa useremala huharibu mbao nyingi kabla hajamudu kuunda kiti kisichoyumba. Mwanagenzi wa ushonaji hukata kitambaa upande usio wake, na fundi wake huguna akatoa kingine. Hasara ya namna hiyo huhesabika na hulipika, kwa kuwa mbao na kitambaa havina uchungu. Zipo, hata hivyo, stadi zisizoweza kujifunzwa ila juu ya mwili wenye uhai. Kinyozi hana budi kushika kichwa cha mtu siku yake ya kwanza, na muuguzi hana budi kumchoma mtu sindano yake ya kwanza. Waarabu wana methali juu ya jambo hili, nayo haiko mbali na masikio ya Waswahili wa Maskati: kwamba fulani anajifunza hijama kwenye vichwa vya mayatima. Ukali wa methali hiyo umo katika neno yatima kuliko ulivyo katika wembe. Mwanagenzi hakukichagua kichwa cha mtoto mwenye baba, kwa sababu mtoto mwenye baba ana wa kumwulizia.

Swali linalozaliwa hapo ni la kimaadili: kosa la mwanafunzi, ambalo haliepukiki, limwangukie nani? Wanafalsafa wameandika mengi juu ya ukatili na machache juu ya uchanga wa mkono. Pahali pamoja ambapo swali hili hurudi kila juma, bila mtu kuliita falsafa, ni katika shule ya kupanda farasi.

Katika shule nyingi za aina hiyo nchini Uingereza, Jumatatu ni siku ya mapumziko ya farasi. Wametoka katika Jumamosi na Jumapili zilizojaa watoto na watu wazima wanaoanza, na miili yao inahitaji siku ya kutobeba chochote. Kuanzia Jumanne mwalimu huwa na kazi mbili zinazogombania saa zilezile. Asubuhi huwapanda farasi yeye mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, ili kuwafunza na kuwanyoosha. Jioni hufundisha watoto waliotoka shuleni. Katikati ya kazi hizo kuna mhunzi wa kwato anayekuja kwa miadi, farasi anayechechemea, mzazi anayetaka saa ya mwanawe ibadilishwe, na mvua inayogeuza uwanja kuwa tope. Ofisini hutundikwa ubao wenye majina ya farasi upande mmoja na saa za juma upande wa pili. Mgeni huuona ubao huo kama ratiba. Mwalimu anajua kwamba ni mgawanyo wa mzigo, na kwamba waliogawiwa hawakuhudhuria kikao.

Ili kuelewa uzito wa mzigo huo, yafaa kujua jinsi farasi anavyofundishwa. Haongozwi kwa nguvu, maana mnyama wa kilo 500 hashindwi nguvu na binadamu. Huongozwa kwa shinikizo dogo ambalo huondolewa mara tu anapoitikia. Mguu wa mpandaji humgusa ubavuni. Farasi akisogea, mguu hulegea. Hatamu humgusa, akipunguza mwendo, mkono huachia. Somo lenyewe limo katika kule kuachia. Hapo ndipo farasi anapojua kwamba amejibu sawasawa. Naye mwanafunzi mchanga jambo asiloliweza ni hilo hilo la kuachia. Anaogopa kuanguka, basi anazikamata hatamu kama mtu aliyeshika kamba ya kisima. Chuma cha lijamu hukaa juu ya ufizi mtupu, katika pengo lililo kati ya meno ya mbele na magego, na kila anapoyumba mpandaji chuma hicho huvuta. Farasi hupunguza mwendo, asiachiwe, hugeuka, asiachiwe. Baada ya miezi hujifunza kwamba kujibu hakuna faida. Watu husema amekuwa mzito, au mvivu, au mwenye mdomo mgumu. Mara nyingi kinachoitwa uvivu ni hitimisho alilolifikia kwa ushahidi.

Tena mzigo huo haubebwi kwa mdomo na mgongo peke yake. Mjini Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu mstaafu wa hisabati aliyeitwa Wilhelm von Osten alimwonyesha hadharani farasi wake, Hans, aliyejibu maswali ya hesabu kwa kugonga kwato chini. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alichapisha uchunguzi wake: Hans hakujua hesabu. Aliacha kugonga alipoona kichwa au mwili wa muulizaji ukijongea kwa kiasi ambacho muulizaji mwenyewe hakukihisi. Kisa hicho hukumbukwa kama onyo kwa watafiti wanaodanganyika. Kina funzo jingine, ambalo lamhusu zaidi mwalimu wa farasi. Mnyama awezaye kuusoma mtikisiko wa kichwa usiohisiwa na mwenye kichwa, huisomaje hofu ya mtoto aliyeketi mgongoni mwake saa nzima? Naye akishuka huyo, hupanda mwingine na hofu yake.

Ndiyo maana asubuhi ya Jumanne mwalimu humpanda farasi yuleyule aliyefanya kazi Jumamosi. Kazi yake ya katikati ya juma, inayoonekana kama mafunzo ya kuendeleza, kwa sehemu kubwa ni ya kukarabati. Humgusa kidogo na kumwachia upesi, mara nyingi, hadi farasi asadiki tena kwamba jibu lake lina maana. Kisha Jumamosi hurudi.

Sheria imeligusa jambo hili kwa umbali fulani. Mwaka 1877 Anna Sewell alichapisha riwaya yake mashuhuri inayosimuliwa na farasi, na humo alionyesha hali ya farasi wa kukodiwa, apitaye mkononi mwa madereva wa kila tabia. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1964, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuzitaka shule za kupanda farasi ziwe na leseni ya serikali ya mtaa, na marekebisho ya mwaka 1970 yakaongeza makatazo, likiwamo la kumkodisha farasi wa miaka mitatu au chini yake. Sheria za namna hiyo ni za lazima. Lakini sheria hutazama jeraha, kilema na umri. Haiwezi kutazama saa ya tatu ya siku ambayo saa mbili za kwanza zilikuwa halali.

Falsafa nayo husaidia nusu ya njia. Kant alifundisha kwamba mtu asiwe katili kwa mnyama kwa kuwa ukatili huo humzoeza kuwa katili kwa watu. Hoja hiyo haimgusi mtoto wa miaka tisa avutaye hatamu kwa hofu. Hana ukatili wowote. Pengine anampenda farasi huyo kuliko kitu chochote duniani. Bentham, mwaka 1789, aliuweka uwezo wa kuumia kuwa kipimo cha nani astahiki kuzingatiwa, naye yu karibu zaidi na ukweli. Hata hivyo, maumivu ya farasi wa shule ni madogo madogo, yametawanywa kwa mikono mingi, na hakuna mkono hata mmoja wenye hatia. Hili ndilo gumu lake: kuna madhara ya kweli, na hakuna mkosaji.

Lipo jibu ambalo wenye shule hulitoa, nalo lisidharauliwe. Farasi, wasema, amelipwa: ana nyasi kavu, banda, daktari na mhunzi, na vyote hivyo hutokana na ada za wanagenzi. Bila masomo ya Jumamosi kusingekuwa na ada, na bila ada farasi wengi wangeuzwa, wengine kwa mchinjaji. Hoja hiyo ni ya kweli kwa upande wa fedha. Kwa upande wa haki ina kasoro, kwa kuwa malipo hudai makubaliano, na farasi hakukubaliana na mtu. Kumlisha uliyemfungia lango asijitafutie ni wajibu wako kabla hajakufanyia kazi yoyote. Historia ya binadamu imeisikia mno sentensi isemayo "anakula kwangu", na aghalabu aliyeisema alikuwa anatetea jambo lisilotetewa vinginevyo.

Waswahili nao wana kauli yao: asante ya punda ni mateke. Farasi hakupata kuenea bara la Afrika Mashariki, ambako mbung'o na ugonjwa aueneza humuua; mnyama wa mzigo wa pwani, katika vichochoro vya Lamu hata leo, ni punda. Methali hiyo humsuta mtu asiye na fadhila, na maana yake kwa watu haina ubishi. Lakini itazamwe kwa upande wa punda. Imesemwa na aliyekaa juu. Inachukulia kwamba deni liko kwa aliyebeba, na kwamba aliyebebwa ndiye mfadhili. Pengine teke ni njia pekee iliyomsalia asiye na ulimi ya kusema kwamba hesabu imekosewa.

Basi mwalimu afanye nini? Hawezi kulifuta deni. Kuzuia kila kosa la mwanagenzi ni kuzuia kujifunza, na mwanagenzi asiyejifunza atabaki na mkono mzito maisha yake yote. Anachoweza ni kulihamisha, nalo lina kanuni inayoweza kutamkwa kwa maneno machache: mzigo umwangukie kwanza yule anayeweza kuelezwa sababu yake.

Kanuni hii hujaribiwa Jumamosi alasiri. Farasi mmoja amechechemea asubuhi na kuondolewa. Mwenziwe mpole, yule anayepewa watoto waoga, ameshafanya saa mbili. Kuna mtoto aliyeingoja siku hii majuma matatu, na mzazi aliyelipa na kuendesha gari kutoka mbali. Saa moja zaidi haitamuua farasi, na hakuna kifungu kitakachovunjwa. Hapo ndipo njia ya mayatima inapokuwa nyepesi, kwa kuwa wote wenye ndimi watafurahi. Lakini mtoto anaweza kuambiwa: "Leo amechoka, leo utajifunza kumpiga brashi, kuinua kwato zake na kumwongoza kwa miguu." Atanuna, kisha ataelewa. Farasi hawezi kuambiwa kwamba ni leo tu. Mzigo usio na maelezo kwa anayeubeba hauna mwisho. Kila saa yake huenda ikawa ndiyo desturi mpya.

Kanuni ina hatari yake, na haki yataka isemwe. Mwalimu ndiye anayeelewa sababu kuliko wote, kwa hiyo hushawishika kuubeba mzigo wote mwenyewe: kuwapanda farasi wagumu baada ya saa za kazi bila malipo, kukosa chakula cha mchana, kurudisha ada kutoka mfukoni mwake. Kuweza kuelezwa hakutoshi. Anayeelezwa sharti pia aulizwe, naye awe na nafasi ya kukataa. Mwalimu asiyeulizwa na mwajiri wake amekuwa yatima mwingine. Mzigo wastahili kupanda juu zaidi, kwa mwenye shule apangaye idadi ya masomo, na kwa mteja anayetaka bei iwe chini.

Wajibu wa mwisho wa mwalimu ni kumwambia mwanafunzi kwamba anadaiwa. Anaweza kumwanzisha bila hatamu, farasi akizungushwa kwa kamba ndefu, hadi ajue kukaa pasipo kujishikilia mdomoni mwa mnyama. Na anapomkabidhi hatamu, amweleze zimefungwa kwenye nini. Mwanafunzi aliyeambiwa hivyo hataacha kukosea kesho. Ila atajua kwamba wepesi wa mkono atakaoupata baada ya miaka umegharimiwa na mdomo wa mwingine, na kwamba aliyeugharimia huenda atakuwa hayupo kulipwa. Deni la namna hiyo hulipwa kwa farasi mwingine, kama ambavyo muuguzi stadi humlipa mgonjwa wa leo kwa maumivu ya mgonjwa wake wa kwanza.

Na hapo methali ya hijama hurejea kwa kila anayefundisha stadi yenye mwili ndani yake, awe hospitalini, darasani au uwanjani penye mchanga. Kila taaluma ina vichwa inavyojifunzia. Linalofaa kuulizwa ni kama vichwa hivyo vina wa kuviulizia. Na pale visipokuwa naye, mtu wa kwanza anayepaswa kuuliza ni mwalimu.