Usipige Makofi Tu, Tuza

Tarehe 28 Januari 1962, katika ukumbi wa Purple Manor huko Harlem, New York, wasichana weusi walipanda jukwaani na nywele zao za kipilipili kama Mungu alivyowapa. Hazikupitishwa kitana cha moto wala kutiwa dawa. Nguo zao zilikuwa za rangi kali, zimeshonwa kwa mishono ya Kiafrika, na wenyewe walikuwa na ngozi nyeusi ambayo wakati huo hata majarida ya watu weusi yaliiweka nyuma ya ngozi ya maji ya kunde. Onyesho liliitwa Naturally '62, na wasichana wakajulikana kama Grandassa Models. Nyuma yao walikuwepo vijana wapenda jazi na sanaa wa kikundi cha AJASS, wakiongozwa na ndugu wawili: Elombe Brath na mpiga picha Kwame Brathwaite.

Hawakungoja jarida kubwa liwaone. Walijiandalia jukwaa lao. Onyesho likarudiwa miaka iliyofuata, likafika miji mingine, na picha za Kwame zikalibeba wazo la kwamba mweusi ni mzuri hadi likawa kauli ya kizazi kizima. Humo humo kulikuwa na biashara: Carolee Prince, kwa mfano, ndiye aliyetengeneza vito na mapambo mengi ya kichwa waliyovaa wanamitindo wale. Yalitoka mikononi mwake, si kiwandani.

Leo picha hizo zinatundikwa kwenye majumba ya makumbusho na kila mtu anazisifia. Vizuri. Lakini ukizitazama, jiulize swali la fundi: kitambaa kililipiwa na nani? Shanga je? Nani alilipa kodi ya chumba alimokaa mshonaji akipiga cherehani usiku kucha? Fahari ina gharama. Na hapa ndipo sherehe zetu nyingi za mtaani zinapokwama, ziwe Harlem, ziwe Chicago au Atlanta. Watu hufurika, muziki hulia, picha hupigwa mbele ya meza ya mchoraji, sifa humiminwa, kisha jua likizama mchoraji anafunga mizigo yake ikiwa na uzito ule ule aliokuja nao.

Sisi watu wa Kiswahili jambo hili hatuhitaji kufundishwa na mtu. Mcheza kwao hutuzwa. Aliyewahi kukaa kwenye shughuli ya taarabu anajua kwamba mwimbaji akikugusa moyo huishii kupiga makofi ukiwa umekaa. Unainuka, unajongea mbele mwendo wa madaha, noti mkononi, ukumbi mzima unakuona. Hivyo ndivyo nataka uende kwenye maonyesho ya wabunifu weusi mwaka huu. Inuka na noti mkononi.

Nisikilize kwa habari ya Brooklyn, maana hapo Kiswahili kina hisa zake. Mwaka 1969, katika eneo la Bedford-Stuyvesant, mwalimu Jitu Weusi na wenzake walianzisha kituo kilichoitwa The East, nambari 10, Claver Place. Walikuwa wametoka kwenye vita vikali vya kupigania nani aongoze shule wanazosoma watoto weusi wa jiji lile. Wakaamua kufungua shule yao wenyewe, wakaiita Uhuru Sasa Shule. Shule haiendeshwi kwa hotuba, kwa hiyo waliizungushia biashara: duka la vitabu, duka la nguo lililoitwa Mavazi, ushirika wa chakula ulioitwa Kununuana (tabasamu, ndugu msomaji, lakini usicheke sana, ushirika ule ulilisha watu), gazeti lao, na ukumbi wa jazi ambao Pharoah Sanders aliupa umaarufu kwa albamu yenye jina la mahali hapo. Mwaka 1971 wakafunga mtaa, wakafanya tamasha la kuchangia shule. Wachuuzi walipanga meza, vikundi vikacheza, kina mama wakapika.

Tamasha lile la mtaa mmoja lilikua. Likahamia uwanja wa shule ya Boys and Girls High, baadaye bustani ya Commodore Barry, na leo linaitwa International African Arts Festival, likikutanisha watu kila mwaka karibu na tarehe 4 Julai. Zaidi ya miaka hamsini! Shule yenyewe ilishafungwa zamani. Soko lake limebaki. Sijui kama kuna ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba meza ya mchuuzi ni kitu cha kuheshimiwa. Mtu anaanza na meza moja juani, wateja wanamzoea, mwaka unaofuata wanamtafuta kwa jina, na siku moja unasikia amekodi fremu.

Wachoraji nao wana hadithi yao. Harlem mwaka 1965 kilizaliwa kikundi cha wasanii kilichojiita Weusi, na baada ya muda mfupi kikafungua jumba la kuonyeshea na kuuzia kazi, likaitwa Nyumba ya Sanaa. Jina hilo lilikuwepo Harlem kabla Dar es Salaam haijapata Nyumba ya Sanaa yake katika miaka ya 1970. Majumba makubwa ya sanaa ya New York yalikuwa hayawafungulii mlango, basi wao wakajenga mlango wao. Ni hivyo hivyo Los Angeles, ambako ndugu Alonzo na Dale Davis walifungua Brockman Gallery mwaka 1967 katika eneo la Leimert Park. Kuta zile zilipokea kazi za watu kama David Hammons na Betye Saar, ambao leo majumba makubwa duniani yanagombea kuwaonyesha. Kuna watu walinunua kazi zao za mapema wakiwa majirani tu, watu wa mshahara wa kawaida. Waliona kizuri, wakalipa, wakaenda kutundika sebuleni.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hamasa isiyogusa mfuko ni kelele.

Eunice Johnson wa Chicago alilielewa jambo hili kuliko wengi. Mume wake, John H. Johnson, alianza uchapishaji mwaka 1942 kwa mkopo wa dola 500, dhamana ikiwa samani za mama yake; mwaka 1945 akatoa jarida la Ebony. Mwaka 1958 ukaanza msafara wa mavazi wa Ebony Fashion Fair, uliotokana na ombi la kuichangia hospitali moja ya New Orleans. Msafara ukazunguka miji ya Marekani kwa miaka hamsini hivi, hadi 2009, ukivuka hata mipaka ya nchi hiyo. Angalia ulivyopangwa. Kila mji ulikuwa na mwenyeji wake: chama cha kina mama, kikundi cha kanisa, umoja wa wanawake waliosoma. Tiketi moja ilikupa kiti ukumbini pamoja na usajili wa kupokea jarida la Ebony au Jet. Mapato ya mji husika yalikwenda kwenye misaada na ufadhili wa masomo. Jumla yake kwa miaka yote ilipita dola milioni 50. Hizo ni fedha zilizotoka kwa walimu, wauguzi na makarani waliovaa vizuri jioni moja wakaenda kuona wenzao wakivaa vizuri zaidi.

Na kuna jambo lililozaliwa nyuma ya pazia. Bibi Johnson aliona wanamitindo wake wakichanganya poda za rangi tofauti ili wapate inayolingana na ngozi zao, kwa sababu madukani haikuwepo. Mwaka 1973 ikaanzishwa kampuni ya vipodozi ya Fashion Fair. Shida iliyoonekana kwenye onyesho ikageuka bidhaa. Mikusanyiko ya watu wanaofahamiana huzaa mambo ya namna hiyo: mtu anaeleza kero yake, mwingine ana mikono ya kuitatua, wa tatu ana akiba, na wote wako ukumbi mmoja.

Kwa hiyo nakuomba uache jambo moja. Acha kuomba bei ya undugu. Unaingia dukani kwenye jengo lenye kiyoyozi, unaona viatu vya kampuni ya ng'ambo, bei imebandikwa, unalipa kimya kimya bila hata kusafisha koo. Kisha Jumamosi unafika kwenye meza ya dada aliyeshona koti kwa mkono wake, aliyelipia meza, aliyelipia usafiri, aliyeacha watoto kwa jirani, unamwambia: "Sisi si wa nyumbani? Nipunguzie." Kwa kuwa ni wa nyumbani ndiyo maana ulipe kamili. Anayetaka kumsaidia ndugu yake haanzi kwa kumtoa faida. Kama koti ni ghali kwako, nunua hereni. Kama hereni ni ghali, kula chakula kwa mama wa pembeni na ulipe bila kusubiri chenji ya senti. Lakini usimpe mtu sifa pale ambapo alistahili malipo.

Nawe muuzaji, usidhani umesahaulika. Weusi wako si cheti cha ubora. Mteja akija kwa mapenzi mara ya kwanza, mara ya pili atakuja kwa sababu zipu haikung'oka. Bandika bei ionekane. Uwe na chenji, uwe na njia ya kupokea malipo ya kadi na ya simu. Maliza mishono ya ndani kama ulivyomaliza ya nje. Ukiahidi gauni Ijumaa, liwe Ijumaa. Hili la mafundi na ahadi za kesho tumelivumilia kwa miaka mingi mno. Andika jina la mteja na namba yake, umjulishe utakapokuwa na kitu kipya. Elizabeth Keckley alizaliwa mtumwa, akashona hadi akaununua uhuru wake na wa mwanawe kwa dola 1,200 mwaka 1855, halafu akawa mshonaji wa mke wa Rais Lincoln. Fedha za uhuru wake alikopeshwa na wateja wake, naye akazirudisha zote kwa kushona. Wateja walimwamini kwa sababu mkono wake hawakuwahi kuutilia shaka.

Msifikiri njia imesafishwa. Oktoba 1994 serikali ya jiji la New York iliwaondoa wachuuzi wa Mtaa wa 125, Harlem, wengi wao Waafrika na Wamarekani weusi. Baadhi ya walioendelea na biashara walisogea Mtaa wa 116, kwenye soko lililosimamiwa na Msikiti wa Malcolm Shabazz. Bila taasisi yao ya kuwapokea, wangetawanyika. Mtaa huo huo wa 125 ndiko fundi wa mavazi Dapper Dan alikofungua duka lake mwaka 1982, akiwashonea wanamuziki na wanamichezo makoti yenye nembo za kampuni kubwa. Ruhusa hakuomba, tuseme kweli. Kampuni zikamfuata kwa sheria, mwaka 1992 duka likafungwa. Mwaka 2017 Gucci wakaonyesha koti lililofanana mno na moja aliloshona yeye miaka ya 1980. Watu wakapaza sauti, kampuni ikaja mezani, na mwaka 2018 mzee akafungua karakana mpya hapo hapo Harlem kwa ubia nao. Wateja wake wa zamani walikuwa wanaikumbuka kazi yake, na kumbukumbu hiyo ndiyo iliyokuwa ushahidi. Ukinunua kwa fundi wa kwenu, weka jina lake, piga picha, taja nani kashona. Siku ya kugombania haki, utaulizwa.

Neno sasa kwa Waswahili mnaoishi Marekani, hasa ndugu zetu Wakongomani wa Louisville na Lexington, na Warundi, Wakenya na Watanzania kote mlikotapakaa. Vitenge mnavyo, mafundi mnao, mapishi mnayo. Lakini mara nyingi kwenye harusi zetu na sherehe zetu za uhuru tunauziana wenyewe kwa wenyewe, nyuma ya milango, huku majirani zetu Wamarekani weusi wakitafuta kitambaa kile kile mtandaoni kwa wageni. Wamekuwa wakiita shule zao, maduka yao na hata watoto wao kwa majina ya lugha yetu tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Nendeni kwenye tamasha zao. Kodini meza. Wakaribisheni kwenye zenu.

Kalenda iko wazi. Juni 19 ni Juneteenth, ukumbusho wa siku ya mwaka 1865 ambapo watumwa wa Texas walitangaziwa uhuru, na tangu 2021 ni sikukuu ya taifa. Karibu kila mji mkubwa una gulio siku hiyo. Julai kuna lile tamasha la Brooklyn. Agosti kuna Harlem Week, iliyoanza mwaka 1974 kama sherehe ya siku moja. Desemba 26 inaanza Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi iliyoasisiwa na Maulana Karenga mwaka 1966, ambayo siku yake ya nne inaitwa Ujamaa na ya sita Kuumba, na zawadi zinazopendelewa ni zile zilizotengenezwa kwa mikono. Meza za Juni huanza kukodishwa miezi kadhaa kabla. Piga simu kwa waandaaji wiki hii uulize ada na fomu. Kama mtaa wenu hauna sherehe, kina mama wanne, ukumbi wa kanisa au wa msikiti, meza nane na spika moja vinatosha kuanzia. Chama chenu cha kuchangiana kiweke fungu la kulipia ukumbi. Na wewe usiye na cha kuuza, anza leo kuweka kibubu cha siku hiyo, ukifika uzunguke meza zote kwanza, uchague, ulipe bei iliyobandikwa, kisha uvae hapo hapo ili wa nyuma yako waulize umenunua wapi.