Nia Iliyotangulia

Kompyuta inapowashwa, programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu ya ubao mkuu ndiyo hutangulia kuamka, kisha huuita mfumo endeshi, yaani programu kuu inayotawala nyingine zote, nao husoma orodha ya programu ambazo mwenye kompyuta aliagiza zianze zenyewe. Katika mifumo ya Linux kazi hiyo husimamiwa na mchakato wa kwanza, unaopewa namba 1. Agizo hutolewa mara moja, na tangu hapo hutekelezwa kila kompyuta iwashwapo, hata kama aliyelitoa amelala, amesahau au amekufa. Tendo linalotokea leo, basi, ni la nani, na je, nia iliyotangulia yatosha kulifanya liwe lake?

Katika miteremko ya Kilimanjaro swali hilo lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Mfongo, mfereji wa umwagiliaji wa Wachagga, huchepusha maji ya mto huko juu na kuyafikisha kwenye kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kwa nguvu ya mteremko peke yake. Aliyeuchimba huenda alifariki vizazi vingi vilivyopita, na maji yangali yanashuka. Uislamu huita mema ya namna hiyo sadaka ya jariya, sadaka yenye kutiririka, ambayo thawabu zake humfikia mtoaji hata kaburini maadamu watu wananufaika nayo, bila yeye kunuia upya. Ikiwa thawabu hufuata mkondo huo, haki yadai kwamba lawama nayo iufuate: aliyeipanga programu ikusanye taarifa za watu pasipo ridhaa yao hawezi kujitetea kwamba siku ya kosa hakuigusa kompyuta.

Ibada, hata hivyo, huuliza zaidi ya manufaa na madhara. Katika fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu, madhehebu ya Maliki yaona kwamba nia moja mwanzoni mwa Ramadhani yatosha kwa mwezi mzima, mradi funga isikatizwe, kwa kuwa mwezi ni ibada moja iliyoungana. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, yataka nia kila usiku, kwa kuwa siku moja ikiharibika haiziharibu nyingine. Hoja ya Maliki ina nguvu, maana hata sala ya rakaa nne hubebwa na nia moja. Ile ya Shafi, lakini, inamjua binadamu vizuri zaidi, kwa sababu yeye huamka kila alfajiri akiwa na uwezo wa kukataa, uwezo ambao mashine haijapewa. Walutheri, ambao wamisionari wao kutoka Leipzig walifika Machame, huko huko Kilimanjaro, mwaka 1893, hukutana na wazo linalokaribiana na hilo katika Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529: ubatizo hutolewa mara moja, na maana yake hutimizwa kwa toba ya kila siku.

Mfongo wenyewe haujiendeshi kama unavyoonekana kwa mpita njia. Wanaoutumia hukutana kuzoa matope, kuondoa majani na kuziba panapovuja, na zamu za maji husimamiwa na watu walio hai. Anayefika na jembe siku hiyo hachimbi mfereji mpya. Anaikubali kazi ya babu iwe yake. Programu inayojianzisha haina siku kama hiyo mpaka mwenye kompyuta aifungue orodha, aisome jina kwa jina, na kuamua ipi ibaki.